Nta Chini ya Sahani

Chini ya sahani ya mizani yangu, miaka tisa,
liliganda donge la nta
kubwa kama yai la njiwa, nimelibonyeza bapa
jicho la mteja lisilione.
Gramu kumi na tano.
Nani atalilia gramu kumi na tano za jibini?

Nta yenyewe niliitoa kanisani.
Sikuiba. Vishina vya mishumaa hutupwa ndooni,
na ndoo haikuwa na mlinzi.
(Ona ninavyojitetea hata leo.)

Mwaka ule Tamazi alikuwa kitandani na mgongo wake,
kuni zimepanda bei,
na theluji ilishuka Kutaisi mapema kuliko pensheni.
Nikajiambia: mpaka Pasaka tu.
Pasaka ikaja, tukagonganisha mayai mekundu,
nikaitikia "Kweli amefufuka" kwa sauti kuliko wote,
na Jumatatu nta ilikuwa palepale.

Sikuumwa kichwa wala tumbo.
Nilishikwa na kikohozi.
Kila nilipofika "utusamehe makosa yetu"
koo lilifunga kama mlango wa duka.
Daktari akanigonga mgongo, akasikiliza,
akasema mapafu mazima, mama, nenda nyumbani.
Nikaenda. Nikaendelea kuwatazama wateja mikono,
sikuwatazama macho.

Kwaresima ya mwaka wa tisa, msimu ambao jibini hailiki
na muuzaji anabaki na nafsi yake mbele ya meza tupu,
nilipanga foleni ya kitubio.
Padri Besarioni, ndevu bado changa, angeweza kuwa mwanangu.
Nilikuwa na orodha: hasira, umbea,
siagi niliyoilamba Jumatano,
nta, uvivu wa sala, wivu kwa dada yangu.
Niliipenyeza katikati
kama mtu anayechanganya kokoto kwenye maharage.

"Rudia hiyo ya nne," akasema.

Nikarudia, nikitazama viatu vyake vilivyopasuka kisigino.
Akanifunika kichwa kwa stola;
ilinuka ubani na sabuni ya kufulia.
Nilingoja sijida mia. Nilingoja kufukuzwa mezani pa Bwana.
"Ibandue," akasema. "Halafu iwashe."

Usiku niliikwangua kwa kisu cha jibini.
Nikachomoa uzi kwenye godoro la Tamazi, nikauviringishia nta.
Ilikuwa na chumvi, nywele, uchafu wa miaka tisa;
ikatatarika, ikatoa moshi mweusi,
Tamazi akauliza kutoka chumbani ni nini kinaungua.
Ilizimika kwenye "mkate wetu wa kila siku".
Iliyobaki niliisali gizani.
Sikukohoa.

Wiki ya Pasaka nilipima kwa kuzidisha
na kila mmoja nikamwambia sababu.
Mmoja alitema mate, akahamia meza ya jirani.
Zhuzhuna akacheka mpaka akashika meza:
"Nilijua tangu mwaka wa pili.
Nilikuwa nakungoja, mwanamke."
Na Valiko, aliyenunua robo kila Ijumaa kwa ajili ya paka wake,
alikuwa amekufa tangu Oktoba.
Nilimpelekea kipande kaburini.
Sijageuka vizuri, mbwa akakibeba.
Sijui kama hicho kinahesabika.

Watu huniuliza kama nimepona.
Sikupona kama aliyetumbuliwa jipu.
Nimepona kama mwenye kisukari:
kila asubuhi hupima.
Kabla ya soko kufunguliwa naigeuza sahani,
napitisha kidole chini yake,
chuma kitupu, baridi, namshukuru Mungu kwa baridi hiyo.

Jana alikuja mgeni, koti jipya, haulizi bei.
Gumba langu likaegemea ukingo wa sahani,
lenyewe, kama mtoto anayejilaza kwa mama.
Nikaliona.
Nikaliondoa,
nikamtazama mgeni machoni,
nikaanza kupima upya.